Shauri la Kiwanda cha Chaki

4 Machi

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Natumaini huko kwa binti yako mjukuu anakunyima usingizi kwa adabu. Huku sisi wazima, yaani mimi, kinu, na yule paka wa jirani anayelala juu ya magunia ya jasi na kuamka mweupe kama muuza unga.

Naandika kwa sababu unajua mambo yangu na simu. Kinu kimenila masikio. Juzi binti yako alinipigia kuniambia mtoto ameanza kutambaa, mimi nikampa pole na kumwombea apone haraka. Karatasi hainifanyii hivyo.

Sasa kuna jambo. Ofisi ya elimu wameniita. Wanataka chaki za shule zao kama kila mwaka, lakini hawatii sahihi mpaka wajue mwenye kiwanda ni nani, maana Kaka hayupo tena. Nikawapelekea mkataba wetu. Karani aliusoma, akacheka, akawaita wenzake nao wakacheka.

Huenda Kaka hakukueleza wewe mkewe yote yaliyomo. Tuliuandika mwaka tuliofungua, baada ya kuona duka la marehemu baba lilivyogawanywa hadi likawa na milango miwili na mteja hajui aingie upi. Tukakubaliana kiwanda kisigawanywe. Mmoja wetu akifa, kiende chote kwa mtu mmoja, ama ndugu aliyebaki ama mke wa marehemu, yule aliyekitumikia zaidi. Asipopatikana mtu huyo, kiuzwe. Na aamue mwamuzi kutoka nje, si sisi wenyewe. Hilo alilitaka Kaka. Alisema, "Kwa jinsi ukoo huu ulivyo na haya, mmoja atamwachia mwenzake kila kitu, halafu akae na kinyongo mpaka kaburini."

Kwa hiyo lazima kuwe na kesi, na lazima mmoja amshtaki mwenzake. Wakili wangu, kijana mmoja anayekohoa kabla ya kila sentensi (namwita Kikohozi), anasema mshtaki ni mimi. Basi, shemeji, nakushtaki. Usininunie.

Anasema pia tusiandikiane habari za shauri mpaka liishe. Kuanzia leo nitakuandikia habari za paka tu.

Shemeji yako,
ambaye sasa ni mlalamikaji


15 Machi

Shemeji,

Nimeipata hati yako. Mtu wa posta alinipa kwa mikono miwili kama anayenikabidhi msiba, akaniuliza, "Mama, kuna amani?" Nikamwambia ipo, ni shemeji yangu tu ananishtaki. Aliondoka anatazama nyuma.

Nimemsomea mjukuu kwa sauti. Pale penye "mlalamikiwa" akapiga makofi, basi siku nzima nimekuwa namwambia neno hilo ili anichekee.

Usidhani nitakaa kimya. Nimepata wakili, mama mmoja mtulivu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilipomweleza ninachokitaka, aliivua, akaifuta, akaivaa tena na kuniomba nirudie. Sitakwambia nilisema nini. Tumekatazwa.

Nitakwambia kitu kingine. Jana nilikuwa naanua nguo za mtoto, nikaona kitambaa cha rangi ya waridi, nikasimama pale uani nimekishika. Kaka yako alikuwa akirudi jioni, sikuwa na haja ya kumuuliza leo mmemimina chaki ya rangi gani. Nilikuwa natazama leso yake. Ya waridi, ya buluu, ya njano. Siku za chaki nyeupe alikuwa anarudi na kope nyeupe, anafumba macho mlangoni ili nimpulizie. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Pengine kwa sababu ni wewe tu mwingine uliyekuwa unaziona zile kope.

Kula vizuri. Usiishi kwa chai.

Shemeji yako


6 Aprili

Shemeji,

Paka hajambo.

Kikohozi amenionyesha majibu yako. Najua tumekatazwa, sitayajadili. Nitasema tu kwamba nimesikia mtu ameapa mbele ya kamishna wa viapo kuwa hajawahi kushika kalibu ya kumiminia chaki hata siku moja, kwamba jasi na unga wa ngano kwake ni kitu kimoja, na kwamba pale kiwandani alikuwa akipita "kuleta chakula na kuondoka".

Sawa. Kama ndivyo ulivyokuwa ukipaona, ni vizuri nimejua.

Kuna mfanyabiashara wa rangi za nyumba ameanza kuja. Amesikia neno "kiuzwe" na anataka jengo liwe ghala lake. Jana alikuja na futi, akapima mlango wetu bila hata kubisha hodi kwenye huo mlango. Nikamwambia amesahau kupima na mimi, huenda nikafaa kwa rafu.

Mvua imetuzuia kuanika. Chaki zimelala ndani kwenye trei, zinanuka unyevu. Mpe mtoto busu.

Shemeji yako


14 Aprili

Kwa Shemeji,

Asante kwa barua. Sisi hatujambo.

Nami nimesomewa maelezo yako. Mama Miwani aliyasoma polepole ili nielewe. Unasema ulikuwa kibarua tu wa kutumwa. Unasema rangi nilizibuni mimi, shule nilizitafuta mimi, jasi ilipoadimika nikapanda lori mimi kwenda kuifuata, na kwamba wewe "hata kujua jasi imekaza au haijakaza" hujui mpaka uambiwe.

Wewe, uliyepoteza masikio yako mle ndani.

Nimefikiri sana. Naona umechoka. Naona kwa muda mrefu ulikuwa unabaki kwa ajili ya kaka yako, na sasa unatafuta njia ya heshima ya kuondoka ili usibaki na mzigo wa mjane. Ungeniambia tu. Nisingekulaumu.

Naomba ukumbuke kufunga dirisha la nyuma mvua inapokuja na upepo.

Wako,
Mlalamikiwa


20 Aprili

Baba Mdogo shikamoo,

Mama hajui kwamba naandika. Yuko uani, anakunja nguo alizokwisha kuzikunja.

Mmefanya nini nyinyi wawili? Tangu asomewe maelezo yako haimbi. Alikuwa anamwimbia mtoto zile nyimbo zake za kubuni, za kusifia pua na vidole. Sasa anamwogesha kimya kimya kama anaosha sahani. Mtoto mwenyewe anamtazama anashangaa.

Nimembana mpaka akasema. Baba Mdogo, mama anataka ashindwe. Ndicho alichomwambia wakili siku ya kwanza: "Nisaidie nishindwe, shemeji yangu apate kiwanda, hana kingine duniani, na mimi nina binti wa kunitunza." Kuapa kwamba hajawahi kushika kalibu! Huyu aliyekuwa ananisuka nywele na kucha zake zimejaa jasi! Amedanganya mbele ya sheria, mwanamke anayerudi dukani kurudisha chenji iliyozidi.

Sasa anaamini wewe unakikimbia kiwanda, na kumkimbia yeye. Ni kweli?

Na mkiendelea kusukumiana hivi, wakili wake anasema mwamuzi atafika penye neno "kiuzwe" na kuishia hapo. Nijibu haraka. Usipige simu.

Binti yako


26 Aprili

Kifaranga wangu, marahaba,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa juu ya gunia, kisha nikacheka mpaka paka akakimbia.

Kumbe! Mimi nilimwambia Kikohozi maneno hayohayo. Alikohoa dakika nzima. Nilimwambia, nishindwe, na nishindwe vibaya, shemeji yangu apate kiwanda. Akikipata ni chake, anaingia kwa miguu yake na kutoka anapotaka. Nikikipata mimi, atakuwa anakuja kama mgeni, anabisha hodi, anauliza kama anaweza kukaa. Mke wa Kaka abishe hodi pale? Siku lori lilipokwama mtoni, aliyevua viatu na kushuka kusukuma ni yeye. Mimi nilikuwa nashika taa.

Nami nilipomsoma akisema alikuwa akileta chakula na kuondoka, nikajua basi, ametuacha, amepata maisha yake huko kwako. Siku mbili sikuwasha kinu.

Usimwambie lolote! Akijua, atazidisha. Mwache aamini atakavyo hadi siku ya kusikilizwa. Mmoja wetu lazima ashinde, na nimeapa hatakuwa mimi. Kiuzwe? Hakiuzwi. Wewe subiri uone baba yako mdogo anavyojua kushindwa.

Baba Mdogo


13 Mei

Mwanangu,

Nimefika salama, nimelala kwa jirani. Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kaa chini uisome vizuri, na mpe mtoto kitu cha kuchezea.

Tulisikilizwa kwenye chumba kimoja juu ya duka la kutoa fotokopi. Meza ndefu, feni moja inayozunguka ikikumbuka. Mwamuzi ni mama mtu mzima, jaji mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya mtu asiyezoea kurudia neno. Shemeji alikaa upande wa pili na shati lililopigwa pasi mbele tu. Nilimsalimia kwa mbali. Akanijibu kwa kichwa.

Mwamuzi akafungua mafaili mawili, akasoma hili, akasoma lile, akarudi kwenye hili. Akasema, "Mawakili, kuna aliyechanganya karatasi hizi?"

Kikohozi akakohoa. Mama Miwani akasema hakuna.

"Kwa maana katika hizi nilizo nazo hapa, mlalamikaji anaomba ashindwe."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na mlalamikiwa naye anaomba ashindwe."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nimekaa kwenye kazi hii mpaka mvi zikaota na kuanguka. Watu wamenililia, wamenitukana, mmoja alizimia. Hii ni mara ya kwanza naletewa pande mbili zote zinakimbia ushindi."

Hapo ndipo nilipomtazama shemeji, mwanangu. Yeye alikuwa anatazama feni. Kwa jinsi alivyojitia hamnazo, nikajua alikuwa amekwisha kujua. Na nikajua aliyemwambia ni nani. Wewe na mimi tutazungumza.

Kumbe nilikosea. Hakuwa anatukimbia. Lakini Mwamuzi hakuwa anacheka. Alituonya kwamba mkataba hauna njia ya tatu. Kama hakuna aliyekitumikia zaidi, kiwanda kinauzwa, na yule bwana wa rangi amekwisha kumwandikia kuuliza bei. Akasema, "Sitaamua kwa karatasi za watu wanaosema uongo kwa upendo. Twendeni kiwandani."

Tukaenda wote, kwa miguu, Mwamuzi na mawakili na nguo zao nyeusi. Bwana wa rangi tulimkuta mlangoni na futi yake.

Nilipoingia, harufu ile ilinipokea. Jasi mbichi na mafuta ya kalibu. Nilishika ukuta kidogo. Hakuna aliyeona isipokuwa shemeji, naye akajifanya anatafuta ndoo.

Mwamuzi akasema, "Haya. Nitengenezeeni chaki. Mama, koroga. Mzee, mimina. Nataka kuona nani anajua na nani hajui."

Nikajiambia, hapa ndipo pa kushindwa. Nikatia maji mengi, mengi kabisa, kama mtu anayepika uji wa mgonjwa. Nikakoroga kwa kuvuta vuta, mwiko nimeushika kama kalamu. Shemeji naye akapaka mafuta kalibu nje badala ya ndani. Baba yako angetufukuza wote wawili.

"Hivi ndivyo mnavyofanya siku zote?" Mwamuzi akauliza.

"Ndivyo, mheshimiwa," shemeji akasema kwa sauti kubwa, kama anavyosema kila kitu. "Mimi hapa sijui lolote. Muulize yeye."

"Mwongo huyo," nikasema. "Mimi ndiye nisiyejua."

"Tafadhalini, mmoja wenu ajue," Mwamuzi akasema.

Sasa, mwanangu, karibu na ukuta kulikuwa na ndoo kubwa nyingine. Shemeji alikuwa ameikoroga kimyakimya mara tulipoingia, wakati Mwamuzi akikagua kinu, ya rangi ya buluu, sampuli waliyoitaka ofisi ya elimu, karibu jasi yote iliyobaki. Alidhani Mwamuzi atatupia macho tu na kuondoka, basi aliiweka tayari aimimine mara moja. Nikaitupia jicho, nikaona uso wa jasi unaanza kupoteza mng'ao.

Unajua maana yake. Ukiona hivyo, una muda wa kusema jina lako, halafu unabaki na jiwe la buluu lenye umbo la ndoo.

Sikufikiri. Nikapiga mwiko mezani mara mbili, kama baba yako alivyokuwa anampigia, kwa sababu mitikisiko anaisikia mkononi hata kama masikio hayapo. Shemeji akageuka kama kijana. Akaiona ndoo. Mimi nikashika mafuta na brashi, kalibu hii, kalibu ile, ndani, pembeni, ndani. Yeye nyuma yangu anamimina, mkono hautetemeki, haumwagi hata tone. Nikachukua ubapa wa kusawazishia nikakwangua juu, kushoto kwenda kulia. Akasogeza, nikapokea, akasogeza, nikapokea. Kikohozi alikuwa amesimama njiani. Nilimsukuma kwa nyonga, Mungu anisamehe, akakalia trei.

Tulipojaza kalibu ya mwisho, ndoo ilikuwa tupu. Nikaweka kiganja juu ya ile ya kwanza. Shemeji naye akaweka chake kwenye ncha ya pili. Ilianza kupata joto, kama jasi inavyofanya ikikaza. Tukatikisiana vichwa. Bado. Tukangoja. Ikapata joto lenyewe. Sasa. Tukafungua.

Chaki za buluu zilitoka zimesimama kama watoto kwenye mstari.

Ndipo nilipokumbuka kwamba nipo mahakamani.

Nikageuka. Mwamuzi alikuwa ameegemea kinu, nguo yake nyeusi imekuwa nyeupe hadi kiunoni, ameshika mdomo. Mama Miwani alikuwa anafuta miwani lakini nadhani alikuwa anafuta macho. Kikohozi, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakukohoa.

"Mama," Mwamuzi akasema, "wewe ambaye jasi na unga wa ngano kwako ni kitu kimoja."

Nikaficha ubapa nyuma ya mgongo.

"Na wewe mzee, ambaye hujui jasi imekaza mpaka uambiwe. Nani alikwambia?"

Shemeji akaweka mkono sikioni. "Sisikii, mheshimiwa."

Mwamuzi alicheka, mwanangu, akacheka na vumbi likawa linadondoka. Akamgeukia bwana wa rangi pale mlangoni akamwambia, "Wewe nenda na futi yako ukapime kwako."

Uamuzi atauandika. Bado sijui utakuwaje, maana mkataba ni mkataba. Lakini jioni shemeji na mimi tulikaa juu ya magunia tukanywa chai, na hatukuzungumza kesi. Tulimzungumza baba yako, jinsi alivyokuwa anapiga mluzi akifungua kalibu na kunyamaza zikiwa zimevunjika. Tulicheka hadi tukalia, kisha tukarudi tukacheka. Tangu tumzike sijawahi kumtaja muda mrefu namna ile bila kifua kuniuma.

Mbusu mtoto.

Mama yako


29 Mei

Kwa mlalamikaji na mlalamikiwa, kupitia mawakili wao

Uamuzi wangu kamili umeambatanishwa. Kwa kuwa mawakili wameniambia kwamba mmoja wenu hasikii vizuri na mwingine hapendi maneno marefu, naueleza hapa kwa ufupi.

Mkataba unataka kiwanda kiende kwa yule aliyekitumikia zaidi. Mlalamikaji ameleta ushahidi kuwa mtu huyo ni mlalamikiwa. Mlalamikiwa ameleta ushahidi kuwa ni mlalamikaji. Kila mmoja aliposema habari zake mwenyewe alisema uongo, na nimeukataa. Kila mmoja aliposema habari za mwenzake alisema kweli, na nimewaamini wote wawili.

Kifungu cha kuuza kinahusu hali ambapo mtu huyo hakupatikana. Hapa wamepatikana wawili. Nililiona hilo kwa macho yangu, na fundi wa kufua nguo zangu ni shahidi.

Kazi ya mwamuzi ni kuamua mgogoro. Nimeutafuta mgogoro katika mafaili yote mawili na mle kiwandani, sikuuona. Pasipo mgogoro, mimi sina mamlaka, na shauri naliondoa. Ubia ulioanzishwa na ndugu wawili unaendelea bila kugawanywa, mjane akiwa mahali pa mume wake kwa haki zote. Ofisi ya elimu imeandikiwa hivyo.

Kuhusu gharama, kila upande utamlipa wakili wa upande wa pili, kwa kuwa ndiye aliyeufanyia kazi.

Mwamuzi


3 Juni

Shemeji yangu,

Barua ya Mwamuzi nimeisoma mara nyingi mpaka binti yako ameificha. Nimerudi kuimba. Mtoto amesahau nyimbo za zamani, nimembunia mpya, ina mstari wa wakili aliyekalia trei.

Binti alitaka nibaki hadi mtoto aanze kutembea. Nikamwambia atatembea hata nisipokuwepo, na mimi nimeona nikikaa zaidi hapa nitakuwa bibi wa kukunja nguo. Alinuna asubuhi nzima. Mchana nikamkuta anapanga sanduku langu, ameweka viatu vya kazi juu kabisa, vile vizito, ili nisihangaike kuvitafuta.

Nakuja Alhamisi. Usije kunipokea, una kazi. Usipike, tafadhali, sote tunakijua chakula chako. Agiza jasi ya kutosha, maana ofisi ya elimu sasa hawana kisingizio, na sisi pia hatuna.

Nitakuonya mapema kuhusu jambo moja ili usibabaike. Nitakapofungua ule mlango safari hii, bila mawakili na bila kesi ya kunishughulisha, kuna kigingi pale nyuma ambapo kaka yako alikuwa anatundika shati lake. Siku ile sikukitazama. Nilifanya kusudi. Alhamisi nitakitazama, na nitalia, pengine kwa muda.

Wewe usiache kumimina. Jasi ikishakorogwa haingoji. Nikimaliza nitakuja upande wa pili wa meza, nitashika brashi.

Shemeji yako